UZI: Kontena kwa anayeanza. Kabla ya amri zote, jiulize data inakaa wapi

FundiSeva_Moro

Wakuu, habari za jioni.

Mara nyingi humu ndani mtu anauliza "Docker ni nini?" (ni programu ya kutengeneza na kuwasha makontena), anajibiwa mistari miwili, kisha anatupiwa orodha ya amri arobaini. Baada ya wiki anarudi amekwama palepale. Leo nimetulia, niandike vizuri, kwa sababu jambo hili lilinigharimu mimi na likamgharimu mtu mwingine asiyekuwa na kosa lolote.

Miaka michache nyuma tulikuwa wawili, tunatengeneza programu ya mauzo kwa duka moja la dawa hapa Morogoro. Seva yetu ilikuwa kompyuta ya mezani iliyokaa chini ya kaunta, pembeni ya friji ya dawa. Nilikuwa nimejifunza kontena kwa wiki mbili tu. Hifadhidata yetu, Postgres, niliiwasha kwa amri niliyoiokota mtandaoni:

`docker run --rm -d --name db -e POSTGRES_PASSWORD=siri -p 5432:5432 postgres:13`

Ikawaka, programu ikaunganika, mama mwenye duka akaanza kuingiza mauzo. Siku ya kumi na moja nikataka kubadilisha mpangilio kidogo. Nikaandika `docker stop db`, nikaiwasha upya kwa amri ileile. Iliwaka safi kabisa, lakini tupu kama siku ya kwanza.

Ile `--rm` maana yake ni kwamba kontena likisimama tu, lifutwe, pamoja na hifadhi yake yoyote isiyopewa jina. Kwa hiyo amri ya kufuta niliiandika mwenyewe siku ileile ya kuwasha, bila kujua.

Yule mama hakunigombeza. Alichomoa kaunta buku lake chini ya droo, maana hakuwa ameacha kuandika kwa kalamu, tukakaa usiku mbili. Yeye anasoma, mimi naingiza: paracetamol pakiti tatu, amoxicillin dozi moja, dawa ya minyoo mbili. Tangu hapo nikimfundisha mtu kontena, siendi kwenye amri ya pili kabla hajanijibu data inakaa wapi.

Sasa tuingie kwenye somo.

Kontena lenyewe

Wengi wanaambiwa kontena ni "kompyuta ndogo ndani ya kompyuta". Maelezo hayo yanapoteza watu. Kompyuta ndani ya kompyuta ni mashine pepe: ina mfumo endeshi wake kamili na kerneli yake (kiini cha mfumo endeshi), inachukua muda kuwaka, na inakata RAM yake pembeni. Kontena ni prosesi (programu inayoendelea kufanya kazi) ya kawaida ya Linux iliyozungushiwa ukuta. Inaona folda zake tu, mtandao wake tu, na prosesi zilizomo ndani ya ukuta huo tu. Kerneli ni ileile ya kompyuta mama.

Usiniamini kwa maneno. Kama uko kwenye Linux, andika:

`docker run -d --name lala alpine sleep 1000`

Kisha, nje ya kontena, `ps aux | grep sleep`. Utaiona hiyo sleep kwenye orodha ya prosesi za kompyuta yako, pengine ina namba 48213 au nyingine kubwa. Sasa chungulia ndani: `docker exec lala ps`. Humo ndani sleep ni namba 1, na haina jirani zaidi ya hiyo ps uliyoiita wewe. Prosesi ni moja, ila ina namba mbili kutegemea umesimama upande gani wa ukuta. Nilipoona hilo kwa macho yangu, mambo mengi yalifunguka kwa pamoja.

Ukuta huo haukujengwa na Docker. Unix ilikuwa na chroot (njia ya kuifungia programu ndani ya folda moja) tangu 1979, FreeBSD wakaleta jela zao mwaka 2000, wahandisi wa Google wakaanza kazi ya cgroups mwaka 2006 na ikaingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2008. Sehemu ya kificho, yaani prosesi ione nini, inafanywa na neimspesi. Sehemu ya kipimo, yaani ipewe RAM na CPU kiasi gani, inafanywa na cgroups. Solomon Hykes aliposimama dakika tano jukwaani PyCon (mkutano wa watumiaji wa Python), Santa Clara, Machi 2013, kuonyesha Docker, alichokuwa ameleta ni wepesi: amri moja, na njia ya kufungasha programu pamoja na vyote inavyohitaji ili isafiri.

Na jina limetoka bandarini kweli. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X ya Malcolm McLean ilitoka Newark kwenda Houston na makasha 58. Kabla ya hapo mzigo ulipakiwa gunia kwa gunia, pipa kwa pipa, migongoni mwa makuli. Kasha likishakuwa na umbo moja, kreni haina haja ya kujua ndani kuna kahawa au matairi. Inashika pembe nne, inanyanyua. Seva yako nayo haina haja ya kujua ndani kuna Python au Java. Hata neno lenyewe "docker" kwa Waingereza ni kuli wa bandarini.

Imeji na kontena

Aliyewahi kufyatua matofali ataelewa haraka. Imeji ni kalibu, kontena ni tofali. Kalibu moja inatoa matofali mengi. Ukivunja tofali, kalibu haijaguswa. Ukiandika kitu ndani ya kontena, umekwangua tofali hilo moja tu, na tofali litakalofuata litatoka bila mkwaruzo huo.

Hapo ndipo nilipoangukia. Nilidhani nikiwasha "db" tena ninawasha ileile. Kumbe nilifyatua tofali jipya.

Kwa hiyo kuna kitu cha tatu: voliumu. Hiyo ni hifadhi iliyo nje ya kontena, ina jina lake, na haifi kontena likifa. Kontena unaliruhusu lije na kuondoka, data unaipa nyumba yake.

`docker volume create data_ya_duka`

`docker run -d --name db -e POSTGRES_PASSWORD=siri -v data_ya_duka:/var/lib/postgresql/data postgres:16`

Sasa simamisha, futa, washa upya mara ishirini. Data ipo.

Kutengeneza imeji yako

Imeji inaelezwa kwenye faili liitwalo Dockerfile. Hili hapa la programu ndogo ya Python:

```
FROM python:3.12-slim
WORKDIR /app
COPY requirements.txt .
RUN pip install --no-cache-dir -r requirements.txt
COPY . .
CMD ["gunicorn", "-b", "0.0.0.0:8000", "app:app"]
```

Angalieni mpangilio, maana una pesa ndani yake. Mstari mmojammoja unaoleta mafaili unajenga tabaka. Docker inayatunza matabaka, na ukijenga tena inayatumia yaleyale mpaka ifike kwenye tabaka lililobadilika. Kuanzia hapo kwenda chini inajenga upya yote. Ukiweka `COPY . .` juu ya pip install (amri ya kusakinisha maktaba za Python), basi ukibadilisha herufi moja kwenye msimbo wako, pip inapakua maktaba zote upya. Mwenye faiba ofisini hatahisi kitu. Anayetumia bando la simu atalikuta limeisha saa nne asubuhi. Weka juu vinavyobadilika mara chache, weka chini unavyovigusa kila siku.

Hiyo `slim` nayo si pambo. Imeji kamili ya python:3.12 ikishafunguka kwenye diski inakaribia GB 1, ya slim ni MB mia na ushee. Ipo pia ya alpine ambayo ni ndogo zaidi, lakini inatumia musl badala ya glibc (hizo ni maktaba za msingi za lugha ya C), na baadhi ya maktaba za Python zitakusumbua. Mimi kwa anayeanza nashauri slim.

Na usisahau faili `.dockerignore`. Andika humo `.env`, `.git` na `venv`. Bila hilo, `COPY . .` itaingiza maneno yako ya siri ndani ya imeji, na ukija kuifuta `.env` kwenye tabaka la juu, bado imo kwenye tabaka la chini.

Naishia hapa kwa leo. Karibuni kwa maswali, nitajibu kadiri ninavyoweza.

---

BintiMakorora

Asante sana kaka, umeandika kwa moyo. Mimi niko Tanga, najifunza mwenyewe, nina laptopu ya Windows yenye RAM GB 8. Nimejaribu ile ya sleep, ila nikitafuta prosesi kwenye Windows siioni. Nimekosea wapi?

---

FundiSeva_Moro

Hujakosea dada. Kontena la Linux linataka kerneli ya Linux, na Windows haina. Kwa hiyo Docker Desktop inawasha Linux ndogo kwa siri kupitia WSL 2 (sehemu ya Windows ya kuendeshea Linux), na makontena yako yanakaa humo. Kwenye Mac ni hivyohivyo, kuna mashine pepe nyuma ya pazia. Ndiyo maana kwenye Windows na Mac Docker inakula RAM hata kabla hujawasha chochote, wakati kwenye Linux kontena la sleep halili karibu kitu.

Kwa GB 8 utaweza. Tengeneza faili `.wslconfig` kwenye folda yako ya mtumiaji, uiwekee kikomo:

```
[wsl2]
memory=3GB
```

Kisha `wsl --shutdown`, uwashe tena.

---

mzee_wa_systemd

Heshima kwako FundiSeva. Ila niseme ukweli wangu, nina miaka mingi kwenye seva. Duka moja, kompyuta moja, programu moja: kontena la nini? Sakinisha Postgres moja kwa moja, andika faili la systemd (kinachowasha huduma kwenye Linux), lala usingizi. Data isingepotea. Vijana wanabeba vitu vizito kwa safari fupi.

---

FundiSeva_Moro

Shikamoo mzee. Kwa duka lile moja uko sahihi, na ningeweza kuishi hivyo. Ila sisi leo tuna maduka saba. Mengine yana Ubuntu 20.04, mengine 22.04, moja lina Debian ambayo hatujui aliiweka nani. Python za humo hazifanani. Zamani kusasisha programu kulitaka niende na basi, nikae siku nzima. Sasa ni imeji ileile kila mahali, na ikiharibika narudi kwenye lebo (alama ya toleo la imeji) ya jana ndani ya dakika moja.

Na kuna jambo ambalo sijaliona likiandikwa sana: imeji unaweza kuibeba kwa flashi. Maduka mawili hayana intaneti ya kueleweka. Najenga nyumbani, kisha:

`docker save duka:1.4 | gzip > duka-1.4.tar.gz`

Nikifika kule: `docker load -i duka-1.4.tar.gz`. Hakuna kupakua hata MB 1. Kwa sehemu zetu hili pekee linatosha kunifanya nitumie kontena.

---

mzee_wa_systemd

Marahaba mwanangu. Hilo la flashi sikulijua. Nimelipokea.

---

Kasha_la_Kilindini

Salamu kutoka Mombasa. Uzi mzuri, na nimefurahi kuona umesema makasha, maana huku kwetu ndivyo tunavyoyaita.

Naomba niongeze jambo moja ambalo kila anayeanza lazima alijue, kwa sababu nililia nalo. Ile `-p 5432:5432` kwenye amri yako ya kwanza ni hatari ukiwa kwenye seva ya mtandaoni. Nilikodi seva, nikawasha ufw (programu ya Linux ya kuzuia wanaoingia kutoka mtandaoni), nikafunga kila poti (mlango wa mtandao) isipokuwa 22, 80 na 443. Nikaamini niko salama. Siku chache baadaye nikakuta jedwali zangu zote zimefutwa, imebaki moja tu yenye ujumbe wa kudai pesa.

Docker huwa inaandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables (kanuni za mtandao za Linux), na mzigo unaokwenda kwenye poti ya kontena unapita huko kabla ufw haijauona. Unaandika `ufw deny 5432`, ufw inakuambia imefunga, na mlango uko wazi kwa dunia nzima. Nami neno la siri lilikuwa lilelile la "siri".

Dawa yake:

`-p 127.0.0.1:5432:5432`

Hapo poti inasikiliza ndani ya seva yenyewe tu. Na kama anayeihitaji hifadhidata ni kontena lingine tu, usiweke `-p` kabisa. Makontena yaliyo kwenye mtandao mmoja yanaonana bila kufungua poti nje.

---

FundiSeva_Moro

Pole sana ndugu yangu, na asante. Hili nilipaswa kuliweka juu kabisa. Wote mnaosoma, rudieni kusoma alichoandika Kasha_la_Kilindini kabla hamjakodi seva.

---

BintiMakorora

Nimekwama tena, naomba msaada. Nimewasha hifadhidata, inafanya kazi. Nimewasha kontena la programu yangu ya Flask (ya tovuti, kwa Python), inaanguka na kuandika "connection refused" kwenye localhost poti 5432. Nikiwasha programu hiyohiyo bila kontena, inaunganika vizuri. Nimekaa nayo tangu saa mbili usiku.

---

FundiSeva_Moro

Hapa ndipo kila mtu hukwama, usivunjike moyo. Kumbuka ukuta. Kontena lina mtandao wake, kwa hiyo "localhost" ndani ya kontena ni kontena lenyewe, si laptopu yako. Programu yako inabisha hodi mlangoni kwake mwenyewe na hakuna Postgres humo ndani.

Acha kuwasha makontena mojamoja, tumia compose, yaani chombo cha Docker cha kuwasha makontena kadhaa kwa faili moja. Tengeneza faili `compose.yaml`:

```
services:
  app:
    build: .
    ports:
      - "127.0.0.1:8000:8000"
    environment:
      DATABASE_URL: postgresql://duka:siri@db:5432/duka
    depends_on:
      db:
        condition: service_healthy
  db:
    image: postgres:16
    environment:
      POSTGRES_USER: duka
      POSTGRES_PASSWORD: siri
      POSTGRES_DB: duka
    volumes:
      - data_ya_duka:/var/lib/postgresql/data
    healthcheck:
      test: ["CMD-SHELL", "pg_isready -U duka"]
      interval: 5s

volumes:
  data_ya_duka:
```

Kisha `docker compose up -d`.

Angalia kwenye DATABASE_URL nimeandika `@db`, si `@localhost`. Compose inayaweka makontena kwenye mtandao mmoja, na jina la huduma linageuka kuwa anwani. Programu ikimtafuta "db", inampata.

Upande wa pili wa kosa hilohilo: programu yako nayo lazima isikilize kwenye 0.0.0.0. Flask ikiachwa ilivyo inasikiliza 127.0.0.1, yaani inawasikia waliomo ndani ya kontena tu. Utafungua kivinjari nje, utaona hakijibu, utadhani poti ni mbovu.

Na hiyo `service_healthy` ina kazi yake. `depends_on` ikiwa tupu inasubiri kontena la db liwashwe tu, haisubiri Postgres iwe tayari kupokea watu. Programu inawahi, inakuta mlango umefungwa, inaanguka. `pg_isready` ndiyo inayochungulia na kusema sasa ingieni.

---

BintiMakorora

IMEKUBALI!! Asante kaka, Mungu akubariki. Kumbe ni neno moja tu.

---

Mpemba_Muscat

Assalaam aleykum. Nafanya kazi hii huku Oman, nawaongezea mawili niliyoyaona kazini.

La kwanza, lebo ya `latest`. Watu wanafikiri maana yake ni toleo jipya kabisa. Hiyo ni lebo kama nyingine, anayetengeneza imeji ndiye anayeamua aibandike wapi, na usipotaja lebo ndiyo unayopewa. Leo inaweza kuwa Postgres 16, kesho 18. Na kwenye Postgres toleo kubwa haliwezi kusoma mafaili ya toleo lililotangulia bila kuhamishwa kwanza. Tena imeji ya 18 imebadilisha mahali pa kupachika voliumu, sasa ni `/var/lib/postgresql` bila ile `data` mwishoni. Anayenakili faili la FundiSeva na kubadilisha 16 kuwa 18 tu, atapata taabu. Andikeni namba siku zote.

La pili, logi, yaani maandishi ambayo programu inayatoa ikiwa kazini. Docker ikiachwa ilivyo inaandika logi za kontena kwenye faili la JSON ambalo halina kikomo. Seva ya mteja wetu ilisimama usiku wa manane, diski imejaa, tukatafuta kila mahali, kumbe kontena moja la programu linaandika mistari mfululizo kwa miezi. Ongezeni haya chini ya kila huduma:

```
    logging:
      driver: json-file
      options:
        max-size: "10m"
        max-file: "3"
```

---

FundiSeva_Moro

Waaleykum salaam. Shukran sana shekhe. La lebo la 18 nimelinakili kwenye daftari langu.

---

kijana_wa_Uyole

Wakuu, mimi `docker pull` inanikatalia, inasema nimezidisha kiwango cha kupakua. Ndiyo kwanza nimepakua imeji mbili leo. Natumia intaneti ya simu.

---

Kasha_la_Kilindini

Docker Hub waliweka kikomo tangu Novemba 2020 kwa wasioingia na akaunti, na wanahesabu kwa anwani ya IP. Mitandao ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, kwa hiyo unahesabiwa na za jirani zako. Fungua akaunti ya bure, kisha `docker login`. Utahesabiwa peke yako.

---

kijana_wa_Uyole

Nimeingia, imekubali. Swali lingine: nisome Kubernetes sasa au baadaye? Nafasi nyingi za kazi naona wanaitaja.

---

FundiSeva_Moro

Baadaye. Jina lenyewe ni Kigiriki, maana yake nahodha. Inaongoza makontena mengi kwenye seva nyingi: hili likifa linawashwa kule, wateja wakiongezeka yanaongezwa. Kama bado hujawahi kupoteza kontena na kulirudisha na data yake kamili, nahodha atakuongezea giza tu. Kaa na compose miezi kadhaa, utajua mwenyewe siku itakapokutosha na siku itakapokushinda.

Jambo moja ambalo litakusaidia huko mbele na hapa pia: `docker stop` inatuma ishara ya kuomba prosesi namba 1 ifunge kwa adabu, inasubiri sekunde 10, kisha inaua. Ukiandika CMD bila mabano ya mraba, namba 1 inaweza kuwa sh, na sh haipitishi ishara. Programu yako itauawa katikati ya kuandika mauzo. Ukiona kontena lako linachukua sekunde 10 kamili kusimama, mara nyingi hilo ndilo tatizo. Andika CMD kwa mabano kama nilivyoandika juu.

---

BintiMakorora

Kaka, swali langu la mwisho halafu nisikuchoshe. Nikiandika `docker compose down`, data inafutika?

---

FundiSeva_Moro

Hunichoshi dada, hilo ndilo swali lenyewe. `down` inafuta makontena na mtandao, voliumu inabaki. Ila `down -v` inafuta na voliumu. Herufi moja. Usiizoeshe mikono yako kuiandika.

Na voliumu peke yake si bekapu. Diski ikifa, imekwenda na voliumu. Kila usiku sisi tunatoa nakala:

`docker compose exec -T db pg_dump -U duka duka > duka.sql`

Inakwenda kwenye flashi iliyochomekwa hapohapo, na nyingine inapandishwa mtandaoni. Kurudisha:

`docker compose exec -T db psql -U duka duka < duka.sql`

Nakuomba ufanye jaribio moja leo kabla hujalala. Ingiza mistari michache, toa nakala, halafu ufute kila kitu kwa makusudi, urudishe.

Tahadhari kwa mwenye Windows: tumia terminali ya WSL, si PowerShell. PowerShell haikubali hiyo alama ya `<`, na toleo la zamani linaweza kuharibu herufi za faili wakati wa kuandika.

---

BintiMakorora

Nimefanya. Niliingiza mauzo matatu: sabuni, unga, mafuta ya taa. Nikatoa nakala, nikafungua duka.sql kwa macho nikaona "mafuta ya taa" imo. Kisha nikaandika `docker compose down -v`, roho ikinidunda ingawa nilijua ni jaribio.

Nikawasha db peke yake kwanza, `docker compose up -d db`, nikaangalia: hakuna hata jedwali. Nikarudisha nakala, nikawasha na app, nikafungua kivinjari.

Yote matatu yapo, na tarehe zake. Sasa hivi naandika ile ya kutoa nakala iwe inajiendesha yenyewe saa sita usiku.